Tani Anafundishwa Kuongea na Simu

Benchi la Soli lina miguu minne, mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Limeegemea kibanda chake cha kushonea viatu, pale barabara inapopinda, mkabala na kinyozi, na anayelikalia mara ya kwanza hujifunza haraka, maana upande wa matofali hauna huruma kwa mgeni. Bi Kijiko hufika na chupa zake mbili za kahawa ikigonga saa tisa. Kuanzia hapo mpaka chupa ya pili ibaki kutoa upepo, hakuna jambo la ulimwengu linalokosa ufumbuzi. Wanaokaa hapo wameshatibu figo za mtu wasiyemjua hata kwa sura, wameshahamisha mto uache kufurika, na wameshaozesha binti za watu ambao mpaka leo wako shule. Siku hiyo kazi iliyokuwepo ilikuwa moja tu: kumfundisha Tani kuongea na simu.

Jina la Tani alipewa na madereva. Kwa miaka kumi na minne alipima malori ya mahindi kwenye mizani ya ghala. Lori likipanda na mzigo, anaandika. Likirudi tupu, anaandika. Tofauti yake ndiyo mahindi. Kazi ile ilimfundisha kusema kwa mikono. Injini inanguruma, dereva yuko juu huko, wewe uko chini, basi unamwita kwa kiganja, unamsimamisha kwa ngumi, unamrudisha nyuma kwa vidole viwili. Ghala lilipofungwa, maneno yote yalibaki mikononi na ulimi ukabakiwa na salamu. Uso kwa uso mtu huyo hakuwa na shida. Kwenye simu ndipo alipokuwa anakufa.

Mwezi uliotangulia alipigiwa kutoka kiwanda cha unga. Mwanamke wa upande wa pili akamuuliza kama ana uzoefu wa mizani. Tani akaitikia kwa kichwa. Akamuuliza kama anaweza kufanya kazi zamu za asubuhi. Tani akaitikia mara mbili, kwa msisitizo. "Haloo? Haloo?" akasikia, kisha yule mwanamke akamwambia mtu wa pembeni yake, "Huyu amekata." Tani alikuwa bado anaitikia.

Mkewe, dobi wa hospitali, hakumlaumu. Alimwekea chakula, akakaa mbele yake, akasema, "Safari ijayo sema ndiyo." Halafu akaenda kulala mapema, kwa sababu tangu ghala lifungwe alikuwa akifua zamu mbili, yake na ya mwenzake aliyejifungua.

Sasa safari ijayo ilikuwa imefika. Tani alimpa Rejista simu asome ujumbe. Rejista ni mzee aliyestaafu kutoka ofisi kubwa ya umma, na miwani yake ina kamba kana kwamba inaweza kutoroka.

— Usaili wako utafanyika kesho saa nne asubuhi kwa njia ya simu, — alisoma Rejista. — Mpima mizani, ghala la nafaka. Hapa umefika kwangu. Mimi nimekaa kwenye usaili zaidi ya mia mbili.

— Umekaa? — Soli aliuliza bila kuinua macho kwenye kisigino alichokuwa akikipigia msumari. — Si ulikuwa unapeleka chai?

— Mpeleka chai ndiye anayesikia yote. Wao waliokaa walisikia majibu tu. Mimi nilisikia na yale waliyosema mtu akishatoka.

— Haya, sema.

— La kwanza, simu ikiita usiipokee. Iache iite mara saba. Haraka haraka haina baraka.

— Ikiita mara saba inakata, — alisema Bi Kijiko, akimimina.

— Wakate. Watajua mtu huyu ana shughuli zake.

— Shughuli gani, naye anaomba kazi?

Rejista alikunywa kahawa yake.

Wakati huo Wembe alikuwa amekwisha kuvuka barabara. Wembe ndiye kinyozi wa ng'ambo, mtu asiyeweza kuona watu watatu wanazungumza bila yeye. Alikuja na kitana sikioni na kitambaa cheupe begani. Mlangoni kwake mteja alibaki kwenye kiti, kichwa nusu kimenyolewa, nusu kinasubiri.

— Tai, — alisema Wembe kabla hajakaa. — Kesho uvae tai, shati jeupe na koti. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Hiyo methali si inamwambia avue? — aliuliza Soli.

— Inataja nguo. Nguo ni nguo.

— Lakini hawataniona, — alisema Tani.

— Hawatakuona, ila watakusikia umevaa. Sauti ya mtu mwenye tai inatoka imebanwa vizuri. Muulize mtu yeyote.

Soli aliona biashara yake inarukwa, akaweka nyundo chini.

— Tai ni pambo tu, bwana. Sauti inaanzia miguuni. Mtu aliyevaa ndala anaongea kindala, maneno yanaburuzika. Kesho uvae viatu vya kamba, ukaze mpaka mwisho. Ndiyo maana wazee wakasema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Tani si kuku.

— Ni mgeni kwenye hiyo kazi.

Tani alikuwa akigeuza shingo kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu, kama mtu anayevuka barabara ya njia nyingi. Alikuja na daftari dogo la mtoto wake wa darasa la tatu, na alikuwa akiandika kila kitu: mara saba, tai, kamba. Mtu akiwa shimoni hachagui rangi ya kamba anayotupiwa.

— Halafu kuna suala la mazingira, — alisema Rejista. — Nyuma yako lazima isikike ofisi. Ukiwa kwenye kimya watadhani umejificha. Mimi nitakuja kwako asubuhi, nitagonganisha vikombe hivi viwili, taratibu, tik tik, tik tik. Watadhani kuna karani anapiga taipu.

— Siku hizi nani anapiga taipu? — aliuliza Bi Kijiko.

— Ndiyo heshima yenyewe.

— Nami nitagonga nyundo, — alisema Soli. — Waone kuna na kiwanda.

— Ofisi yenye kiwanda, — alisema Wembe, — na yeye ameingiza kichwa kwenye pipa la maji.

Wote walimgeukia.

— Pipa tupu, jamani. Debe tupu haliachi kuvuma. Ukiongea humo ndani sauti inakuwa nzito, inakuwa ya meneja mkuu. Mjomba wangu alipata kazi ya ulinzi hivyo.

— Mjomba wako ana sauti ndogo mpaka leo, — alisema Soli.

— Ndiyo maana alilihitaji pipa.

Tani aliandika "pipa", akasita, akaweka alama ya kuuliza pembeni.

— Sasa twende kwenye maswali, — alisema Rejista. — Watakuuliza udhaifu wako ni nini. Hapo ndipo wengi wanazikwa. Wewe utasema: udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi.

— Lakini mimi saa kumi na moja nilikuwa nafunga mizani narudi nyumbani.

— Huyo ni Tani wa uso kwa uso. Hapa tunamtengeneza Tani wa simu. Wakikuuliza kwa nini uliacha kazi, sema ulikuwa unatafuta changamoto mpya.

— Ghala lilifungwa.

— Si ndiyo changamoto?

— Haya tujaribu, — alisema Wembe. Akaokota kiatu kimoja kutoka kwenye rundo la Soli, akampa Tani akiweke sikioni, naye akashika kingine. — Kriiing. Kriiing. Haloo. Wewe ndiye mwombaji wa kazi ya mizani?

Tani alishika kiatu kwa adabu zote, mgongo umenyooka.

— Una uzoefu gani wa kazi hii?

Tani akaitikia kwa kichwa.

Hakuna aliyecheka. Tani mwenyewe alijiona, kichwa chake kikiwa kimeshuka na kupanda mbele ya watu wanne, akiwa na kiatu cha mtu sikioni, na jasho likamtoka chini ya kwapa kama vile simu ingekuwa ya kweli. Alikiweka kiatu kwenye rundo polepole.

— Ameitikia tena, — alisema Bi Kijiko kwa sauti ya chini, kama anayetoa taarifa ya mgonjwa.

— Ninayo yote hapa, — alisema Tani, akijigusa kifua. — Nikiambiwa haloo, mlango unafungwa.

— Tatizo ni kwamba unatuona, — alisema Wembe baada ya kufikiri. — Kiatu hakitishi. Unahitaji simu ya kweli, namba usiyoijua, sauti usiyoijua. Pale saluni ya jirani yangu kuna shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anasuka. Ana mdomo wa kiofisi yule, usimwone hivi. Nitamwambia akupigie sasa hivi ajifanye bosi. Utaipata hofu yote, lakini bila hasara.

Wazo hilo lilipita bila mpinzani, jambo la nadra kwenye benchi lile. Wembe alivuka barabara, akampita mteja wake wa nusu kichwa akimwambia "dakika moja tu, kaka", akaingia saluni. Tani alifuta jasho la kiganja kwenye suruali, akaweka simu pajani, akaitazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa.

Haikuchukua muda. Simu ikaita. Namba ngeni.

— Ndiye, — alisema Rejista, akivishika vikombe viwili. — Tulia. Moja. Mbili.

Tani akapokea.

— Haloo.

— Habari za mchana. Ninapiga kutoka ghala la nafaka, kuhusu ile nafasi ya mpima mizani. Najua tulikupangia kesho, ila kama una nafasi, ningependa tuzungumze sasa.

Tani akaziba simu kwa kiganja. — Ameanza vizuri kweli, — aliwanong'oneza wenzake. — Amejifanya amewahi. — Akarudi hewani. — Nafasi ninayo tele, shemeji.

Karatasi zikachakarika upande wa pili.

— Samahani, umesema?

— Nasema karibu, uliza. Usinionee huruma.

Rejista akaanza vikombe vyake, tik tik, tik tik. Soli hakutaka kuachwa nyuma, akachukua buti la mtu na kuligonga kwa roho moja.

— Kwanza, — ilisema sauti, — hizo kelele ninazosikia ni za nini?

— Nyundo ni ya fundi viatu. Na hivyo vikombe, kuna mzee mmoja anavigonganisha ili udhani niko ofisini.

Rejista alimtazama kwa masikitiko, kisha akaendelea, taratibu zaidi.

— Na uko ofisini?

— Niko kwenye benchi, shemeji. Ukisimama hapo mlangoni unaniona. — Na Tani akapunga mkono kuelekea saluni.

Sauti iliporudi ilikuwa kama ya mtu anayeuma kalamu.

— Haya. Una uzoefu gani wa kazi hii?

Kichwa cha Tani kilianza safari yake ya kushuka. Katikati ya njia akakumbuka kwamba ni shemeji tu yule wa saluni, akacheka, na ulimi ukafunguka kama kopo la soda.

— Miaka kumi na minne, malori ya mahindi. Na nikuambie kitu. Mizani haiongopi, wanaoongopa ni waliopanda juu yake. Kuna siku lori liliingia na mzigo, nikaandika. Likashusha, likarudi tupu, nikaandika. Hesabu ikakubali, ila macho yakakataa. Nikalizunguka. Kumbe tairi la akiba halipo. Lilipimwa pamoja na mahindi, lori lilipokuwa tupu halikurudi, maana yake sisi tumenunua tairi kwa jina la mahindi. Basi mvua ilikuwa imenyesha, tairi limechora mstari kwenye tope mpaka nyuma ya choo. Nikamwambia dereva, ndugu yangu, nenda kayachukue mahindi yako nyuma ya choo tuyapime upya.

— Akasema nini?

— Akasema choo kile kina wezi.

Upande wa pili mtu alikohoa kwa muda.

— Na dereva akikupa chochote ili usizunguke lori lake?

— Wamenipa sana. Mmoja aliniachia kuku. Nikampandisha kwenye mizani ndogo ya magunia, nikaandika kwenye karatasi ya mzigo: kuku mmoja, yu hai. Dereva alikuja kumfuata mwenyewe, maana karatasi ile inakwenda mpaka kwa mwenye lori.

Bi Kijiko alikuwa ameacha kumimina. Kwa miezi minane amemwona Tani akinywa kahawa, na hakuwahi kujua kwamba ndani yake mna maneno kiasi hicho.

— Udhaifu wako ni nini? — iliuliza sauti.

Rejista aliiona midomo ya Tani ikitulia, akajua swali ni lile. Akainua vidole vyake kumkumbusha: kazi, kupita, kiasi.

— Simu, — alisema Tani. — Simu inanigandisha. Mwezi uliopita nilipigiwa na kiwanda cha unga, nikawa naitikia kwa kichwa mpaka wakakata. Hapa naongea hivi kwa sababu ni wewe. Kesho akinipigia bosi mwenyewe utakuta nimekauka kama ukuni.

— Bosi mwenyewe.

— Eeh.

— Naelewa. Na kwa nini uliacha kazi ya kwanza?

— Sikuacha. Nilifika asubuhi na ufunguo wangu mfukoni, nikakuta kufuli jipya. Nilijaribu ufunguo hata hivyo. Nikajaribu tena. Mlinzi akaniangalia mpaka akaona haya yeye.

Hilo alikuwa hajamwambia mtu, hata mkewe. Lilitoka tu, na lilipokwisha kutoka akahisi kifua kimepata nafasi.

— Miaka mitano ijayo unajiona wapi?

— Juu ya mizani, shemeji, nimenenepa kidogo.

Sasa yule mwanamke alicheka waziwazi. Kisha akaanza kusema mambo ya mwisho, Jumatatu, saa fulani, geti fulani, uje na hiki na hiki, na hapo hapo Soli alifika kwenye msumari mgumu akaupiga mapigo manne ya kutikisa benchi, na Tani, ambaye alikwisha kuona mazoezi yamefaulu na anataka kuwapa wenzake ishara ya ushindi, hakusikiliza.

— Sawa kabisa, shemeji, nitakuja, na mke wangu nitamleta, — alisema, akakata.

Benchi zima lilimpongeza. Soli alimpiga bega kwa mkono wenye gundi. Rejista alisema majibu yote yalikuwa mabaya lakini sauti ilikuwa ya mtu mwenye tai. Bi Kijiko alimmiminia kikombe, akamwambia hicho ni cha kwake yeye, anywe tu. Tani alikunywa akiwa anatabasamu peke yake. Akawaza kwamba labda kesho asubuhi akifumba macho na kumfikiria yule shemeji wa saluni, mlango hautafungwa.

Ndipo Wembe akavuka barabara, taratibu, uso umenuna kidogo.

— Shemeji anasema mikono imejaa mafuta, ana kichwa cha mtu, — alisema. — Amekubali, ila mpaka amalize huo upande. Nimekuja unipe namba yako, Tani. Umeniacha nikaondoka bila namba.

Bi Kijiko aliishusha chupa chini polepole. Mteja wa nusu kichwa alikuwa akimwita Wembe kutoka ng'ambo.

— Rudia, — alisema Rejista.

— Namba yake. Sina.

Maneno yote aliyoyasema Tani yalianza kumrudia moja moja, yakipita mbele yake kama malori: benchi, vikombe, kuku yu hai, nimenenepa kidogo.

— Umemwita bosi shemeji, — alisema Soli.

— Mara tatu, — alisema Bi Kijiko. — Nne, ukihesabu ya kuaga.

— Na mke utamleta, — alisema Rejista.

— Mwishoni alisema nini? — aliuliza Wembe, aliyekuwa amepewa habari na watu watatu kwa pamoja.

— Alisema Jumatatu, — Tani alijibu kwa shida. — Jumatatu niende. Saa sikuisikia. Geti sikulisikia. Nyundo ilikuwa inapiga.

Soli aliitazama nyundo yake kama imemkosea yeye.

— Saa mbili, — alisema Rejista. — Ofisi zote zinaanza saa mbili.

— Ghala si ofisi, — alisema Soli. — Ni saa kumi na mbili alfajiri.

— Hamjaelewa, — alisema Wembe. — Hakuna Jumatatu. Ni mtego. Mtu ukimwita shemeji kwenye simu ya kazi hakwambii usije. Anakwambia uje, ufike, ukute geti limefungwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Simu si ilikuwa mfukoni?

— Aende kule Jumapili jioni, — alisema Rejista. — Asimame katikati ya mageti, litakalofunguka kwanza ndilo lenyewe.

— Au aende makao makuu ya simu, — alisema Soli. — Kule kila neno linahifadhiwa. Atawaomba wamchezee ile sehemu ya mwisho.

— Watasikia nyundo yako tu.

Tani alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anafikiria jinsi atakavyomweleza mkewe kwamba safari hii alisema ndiyo, na mengine elfu juu yake, na bado kazi imempita kwa kukosa saa ya kuingia na geti.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja akichechemea, mkanda wa kiatu chake umekatika, kapu la mboga mkononi. Si mtu wa pale. Alimpa Soli kiatu, akakaa mwisho wa benchi, upande wa matofali, akashtuka, akasogea. Akiwa na mguu mmoja mtupu juu ya kipande cha boksi, alilazimika kusikiliza. Alisikia habari ya Jumapili jioni, akasikia habari ya makao makuu ya simu, akasikia methali mbili. Kisha akamgeukia Tani.

— Samahani, kaka. Huyo mama aliyekupigia, namba yake imo kwenye simu yako?

— Imo.

— Basi si umpigie umuulize?

Rejista aliivua miwani, akaipangusa. Wembe alikitoa kitana sikioni, akakitazama, akakirudisha. Soli aliuma uzi. Swali lilibaki pale katikati ya benchi kama mtoto wa watu, kila mmoja anasubiri mwingine ambebe.

Tani aliitazama ile namba. Kupigiwa ni jambo moja. Kupiga mwenyewe hakuwahi hata kuota. Akasimama, akaenda hatua tano mpaka kwenye nguzo ya umeme, akawapa mgongo. Aliona mkono wake wa kushoto umeinuka wenyewe, kiganja wazi, ule wa kumwita dereva asogee. Akabonyeza.

Iliita mara mbili.

— Ndiyo, shemeji, — ilisema sauti.

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Kichwa kilitaka kushuka. Alikishika kwa mkono, kabisa, kidevu kikiwa kiganjani kama cha mtoto anayenyolewa.

— Mama, — alisema. — Naomba radhi. Nilidhani ni mazoezi. Kuna mtu alikuwa anipigie kunifundisha, nikakuchukulia wewe ndiye yeye. Na mwishoni sikusikia saa wala geti. Naomba unirudie, kama bado yapo ya kurudia.

— Nilijua dakika ya kwanza kwamba umenichanganya na mtu, — alisema yule mwanamke. — Nikanyamaza. Aliyepangiwa leo alikuwa hapokei, nikasema nianze na wa kesho. Wiki hii nimeongea na watu kumi na mmoja, na wote udhaifu wao ni kufanya kazi kupita kiasi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuzunguka lori. Una kalamu?

— Ninayo.

— Jumatatu saa moja na nusu, geti la nyuma wanakoingilia malori. Uulize msimamizi wa ghala, ndiye mimi. Uje na kitambulisho na viatu vya kufunika vidole. Utafanya kwa majaribio miezi mitatu. Na ujue kabisa, kwenye chumba cha mizani kuna simu, inalia kutwa.

Tani aliandika na hilo.

— Nitaipokea, — alisema.

— Nami nitakuwa napiga. Mke umwache nyumbani siku ya kwanza.

Aliporudi kwenye benchi hawakuhitaji kuuliza. Walianza moja kwa moja kugawana sifa. Wembe alisema bila wazo lake la kumpigia, mtu angebaki na kiatu sikioni. Rejista alisema ni vikombe, bosi amesikia ofisi. Soli alisema ingawa yeye si mtu wa kujisifu, viatu vya kufunika vidole vimetajwa na msimamizi mwenyewe. Bi Kijiko aliitikisa chupa ya pili, akawaambia aliyebaki na neno alimalize bila kahawa. Yule mwanamke alivaa kiatu chake, akajaribu kukanyaga, akaaga, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza jina.

— Mpigie mkeo sasa, — Wembe alimwambia Tani. — Simu si umeshaijua?

Tani aliiweka simu mfukoni.

— Hilo si neno la simu, — alisema, akaondoka.

Alitembea mpaka hospitali, akasimama kwenye geti la wafanyakazi saa kumi na mbili kasoro. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumfuata mkewe kazini. Basi mkewe alipotoka, vidole vimenyauka kwa maji na sabuni, akamwona pale chini ya kibao cha hospitali, alisimama ghafla.

— Nani amekufa?

— Hakuna aliyekufa.

— Watoto?

— Wazima. Sikiliza.

Akamsimulia yote, palepale getini, watu wakiwapita pande zote mbili. Alimsimulia kwa mdomo na kwa mikono pamoja: lori likapanda, tairi likabingirika mpaka chooni, vikombe vikagongana, ufunguo ukakataa kufuli. Hapo kwenye kufuli mkewe aliangalia chini, na Tani akapita haraka akaenda kwenye kuku.

— Kwa hiyo umemwita bosi wako shemeji, — alisema mkewe mwishowe.

— Mara nne.

— Na kazi amekupa.

— Kwa majaribio.

— Jumatatu saa ngapi?

— Saa moja na nusu. Geti la nyuma.

Mkewe alimpa mfuko wake aubebe. Akafunga vizuri kitambaa cha kichwani, akamshika mkono, jambo ambalo njiani hawakuwa na kawaida nalo.

— Twende, — alisema. — Na usinyamaze. Nieleze tena ya yule dereva.